Phyllis Aliyetukalisha

Ukitaka kumjua Phyllis Chelangat, anzia langoni. Mwanamke huyo hakuwahi kuingia bomani kwa mtu kwa karibu ya kwanza. Alisimama nje, mwavuli wake mweusi begani, akasubiri mwenye boma aseme karibu mara ya pili. Ya kwanza, alisema, ni mdomo tu unaosalimia, ya pili ndiyo mtu mwenyewe. Mimi Caren sina subira, na kuna siku nilimwacha pale kwenye mvua kwa makusudi nione kama atachoka. Hakuchoka. Nilitoka nikamkuta anazungumza na ndama wangu, amemfunika nusu ya mwavuli, na nikaona haya.

Alikuwa jirani yetu, upande wa juu wa Sosiot, mahali ambapo chai inaanzia mlangoni pako na kuishia mlangoni pa mwenzako. Alikuwa na mistari yake michache ya chai, ng'ombe wawili, watoto waliokwisha kuoa na kuolewa, na sauti ndogo sana kwa mtu wa mwili ule. Mwaka wa 1996 zahanati ya misheni ilitafuta mtu wa kijiji wa kupita nyumba kwa nyumba kuwaelezea watu jambo ambalo hatukuwa tumelisikia: kwamba sista atakuja kukupima nyumbani kwako, ukiwa mzima, huumwi popote. Atapima presha, ataangalia sukari kwenye mkojo, atakagua macho, na akina mama atawaonyesha namna ya kujikagua matiti. Kazi ya Phyllis ilikuwa kueleza, kisha kupanga siku. Walimpa mwavuli ule na asante nyingi.

Kupanga siku kwetu si mchezo. Siku za kuuza majani humpati mtu nyumbani. Yuko kwenye chai tangu asubuhi, halafu yuko kwenye banda la kununulia majani akimsubiri karani na gari la kiwanda, anarudi amelowa. Siku ya soko yuko Kiptere. Jumapili ni ya kanisa. Phyllis alijua kila kilima kinauza majani siku gani, akazikwepa zote, akazikwepa na siku za dipu ya ng'ombe, na zile siku chache zilizobaki ndizo alizompa Sista Quinter Ayoo. Huyu sista alikuwa ametoka upande wa ziwa, mrefu, mcheshi, anaendesha pikipiki ya misheni akiwa na gauni jeupe na gambuti. Alimwachia Phyllis kalenda yote. "Wewe sema tu siku, mamangu," alimwambia, "mimi nitaleta mkono."

Kueleza ndiko kulikuwa vita. Kila boma lilimuuliza swali moja: nani amekuambia mimi ni mgonjwa? Nilimsikia akijibu kwa mzee Bethwel, jirani wa chini, ambaye anaheshimiwa sana na kila mtu, kuanzia yeye mwenyewe.

"Mzee, ng'ombe yako unapeleka dipu ikiwa imegonjeka?"

"Ikiwa imegonjeka si imekufa tayari? Napeleka ikiwa mzima."

"Basi wewe na ng'ombe, nani mkubwa?"

Bethwel alifikiri. "Ng'ombe inatoa maziwa," akasema. Lakini alikubali siku.

Halafu kulikuwa na sharti moja ambalo liliwachekesha akina mama mpaka wakashikana mabega. Kabla ya kupimwa presha, Phyllis alisema, mtu anatakiwa akae. Akae kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini, asinywe chai kwanza, asibebe kitu, asiongee, kwa dakika tano. Kukaa? Mchana? Kwetu mwanamke akikaa mchana watu wanauliza amefiwa na nani. Hata maharagwe tunachambua tukiwa tumesimama, mguu mmoja ukiwa tayari kwenda kuzuia maziwa yasifurike. Phyllis aliwaacha wacheke, kisha akarudia tena kwa ile sauti yake ndogo: dakika tano.

Sasa nije kwetu. Mama mkwe wangu anaitwa Chepkemboi, lakini tangu mtoto wangu wa kwanza azaliwe kila mtu anamwita Kogo, yaani nyanya. Tunaishi boma moja, nyumba yake na yangu zinatazamana. Mume wangu Kipruto ni mtoto wake wa mwisho. Kogo aliweza kuniacha nyuma kwenye mstari wa chai huku akinisimulia mabaya ya majirani, na kikapu chake kijae kabla yangu. Sikuwahi kumwona amekaa. Lakini mwaka ule alianza kufunga kichwa kwa leso, ameikaza mpaka macho yanavutika. Kuna asubuhi alishika nguzo ya boma akasimama kidogo, akidhani sijamwona. Nilimwona, na nikaogopa. Ndimi ninayegombana naye kila siku, kwa hiyo najua ingekuwaje boma lile bila yeye, na nilikuwa nikilala na hofu hiyo kama mume wa pili.

Nilimwendea Phyllis nikamwambia ampange Kogo mapema. Alikuja, akasimama langoni, akakaribishwa mara mbili, akaeleza yote. Kogo alisikiliza kwa sababu walikuwa marafiki. Walikuwa wameuza majani pamoja kwenye banda lile tangu chai yetu ikiwa inafika magotini, na yeyote kati yao akichelewa, mwenzake alimshikia nafasi kwenye foleni. Kogo akakubali. Phyllis akampa siku, akamrudia lile sharti la kukaa, na mwenzake akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayeambiwa ajifunze kuogelea.

Siku ilipofika, Kogo aliamka akapaka sakafu mavi ya ng'ombe na kuifanya laini, akafagia uwanja, akamkimbiza jogoo kuzunguka boma zima mpaka akamkamata, akasukuma chapati, akateremsha kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, alichokuwa akikitunza. Mgeni mkubwa anakuja, tena na pikipiki. Nilimwambia, "Mama, umeambiwa ukae." Akanitazama juu mpaka chini. "Mgeni akute nimekaa? Wewe ndio ulifundishwa hivyo kwenu?" Nikanyamaza, maana mambo ya kwetu yakianza hayaishi mpaka jioni.

Sista Quinter alifika na Phyllis akiwa nyuma yake, ameshika mwavuli. Kumbe kilima kizima kilikuwa kimeiona ile pikipiki ikikata kona kuingia kwetu. Huku kwetu sista hafuati mtu nyumbani bure. Mtu akifuatwa nyumbani ni kwamba hawezi tena kubebwa. Kabla mkanda wa presha haujatoka kwenye mkoba, mzee Bethwel alikuwa langoni ametoa kofia. Nyuma yake walikuja akina mama wa kanisa na sukari na mikate, wakaanza wimbo pale pale nje, ule wa kumsindikiza mtu. Mwingine alikuwa tayari analia.

Kogo alitoka jikoni na mwiko mkononi, unga mpaka kwenye kiwiko, akauliza nani amekufa.

Sista alimkalisha kidogo kwenye ncha ya kiti, akamfunga mkanda huku wimbo ukiendelea na jogoo akichemka. Na hapo hapo, nani anaingia? Nicholas, mtoto wake mkubwa, mwenye duka la vipuri Kericho. Mtu alikuwa amempelekea habari kwa gari la kwanza la asubuhi, kwamba sista anakuja kwa mamake. Alimpa mamake mkono, akasema pole, kisha akamvuta Kipruto pembeni akamuuliza kama wanajua vizuri mpaka wa chai ya mama unaanzia wapi. Aliuliza polepole, lakini Kogo ana masikio.

Sista alitazama kipimo, akapandisha nyusi. "Hii iko juu sana, lakini siwezi kuiamini. Huyu mama hajapumzika hata kidogo. Lazima tupime tena siku ametulia, tena na tena."

Kogo alijifungua mkanda mwenyewe. "Hakuna tena. Mtu akipimwa kwa nyumba, watoto wanaanza kupima shamba. Na nyinyi wa sukari, kaburi mmechimba wapi? Nionyeshe nikaingie." Akawafukuza wote, Nicholas na suti yake, Bethwel na kofia yake. Mwisho akamgeukia Phyllis. "Wewe umenivua nguo mbele ya watu. Usisimame tena kwa gate yangu."

Phyllis alisema, "Sawa, Mama Kipruto." Akafunga mwavuli ingawa mvua ilikuwa imeanza, akaondoka. Chapati tulikula sisi na watoto, na hazikuwa tamu.

Wiki zilizofuata nilimwona Phyllis akipita barabarani. Akifika usawa wa lango letu alipunguza mwendo, akasalimia "Chamgei" bila kusimama, kama alivyoagizwa. Kogo hakuitika. Kwenye banda la majani walipanga foleni wakiwa wamepeana migongo, na Kogo alichelewa siku moja, Phyllis akamshikia nafasi, na Kogo akaenda kusimama nyuma kabisa. Leso kichwani ilizidi kukazwa. Nilijaribu kusema, nikaambiwa nikachune chai. Kipruto alijaribu, naye akaambiwa akaulize mpaka wa shamba kwa ndugu yake.

Nilimfuata Phyllis nyumbani kwake nikiwa na hasira. Nilitaka aje amlazimishe. Alinipa maziwa, akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akasema, "Simlazimishi. Nilikosea kupanga. Nilipanga nyumba moja, ndio ikawa nyumba ya mgonjwa. Nitapanga kilima yote."

Na kweli alifanya hivyo. Alisimama kanisani Jumapili, akatangaza kwa sauti ambayo walio nyuma waliomba airudie, kwamba sista atapita kila boma, moja baada ya lingine, mzima kwa mzima. Hakuna kupika. Kwa vile hakuna mtu wetu atakayemwacha mgeni aondoke kavu, alipatana nao hivi: chai itawekwa motoni mkanda ukishafunguliwa, si kabla. Kisha akapita mwenyewe langoni kwa kila mtu, karibu mbili mbili, kuwakumbusha siku. Ilikuwa kazi ya miguu, na Phyllis alikuwa na miguu inayovimba. Alifika kila mahali isipokuwa kwetu, maana alikuwa amekatazwa.

Pikipiki ikaanza kunguruma kilimani. Ilianza kwa Bethwel, ambaye alikaa dakika tano kwa heshima kubwa kama mwenyekiti, akapatikana mzima, akatangaza matokeo yake mpaka Kiptere. Ikaenda kwa jirani wa juu, kwa wa kushoto, ikavuka kijito. Ikifika kwetu inapita. Siku ya pili ikapita tena. Watu wakazoea, hakuna aliyebeba sukari kwenda popote. Nilifikiri mambo yametulia. Sikuwafahamu watu wetu, na nimeishi nao miaka hii yote.

Asubuhi moja nilitoka kukamua nikamkuta mzee Bethwel langoni, ametoa kofia. Nyuma yake akina mama wa kanisa. Sukari ilikuwa nyingi kuliko mara ya kwanza. "Tumesikia," Bethwel akaniambia kwa sauti ya chini. "Sista anapima watu wote, lakini Kogo anampita. Wakimpita mtu ni kwamba wameona hakuna dawa. Pole sana, mama."

Nilicheka, Mungu anisamehe, nikashindwa kujizuia. Kogo alinisikia akatoka. Alitazama sukari, akatazama kofia, akaelewa yote. Sijawahi kumwona akitembea vile. Alipita katikati yao bila salamu, akaenda kusimama katikati ya barabara, mikono kiunoni, na pale akakaa amesimama mpaka pikipiki ikatokea kwenye kona. Sista Quinter alikanyaga breki mpaka gambuti zikachora tope.

"Mnanipita kwa nini?" Kogo akauliza. "Watu wanasema mimi nimekufa."

"Aki, mama, si ulitukataza?"

"Nilikataza yule wa mwavuli. Sikukataza mkanda."

Phyllis alikuwa anakuja nyuma kwa miguu. Alifika, akaona kundi zima, akaona sukari, na nikamwona anauma mdomo ili asicheke. Baadaye nilimuuliza kama alikuwa amepanga hivyo tangu mwanzo. Aliapa hakuwa amepanga. Namwamini nusu.

Kogo alirudi bomani, akawaambia wa sukari waende wakachune chai. Sista akaingia. Phyllis akabaki nje.

"Karibu," Kogo akasema bila kumtazama.

Phyllis hakusogea. Mwavuli begani, kama kawaida.

"Nimesema karibu! Ama unataka nipige magoti?"

Ndipo akaingia, na nikaona Kogo amegeuka upande kuficha uso, maana ulikuwa umelainika.

Tuliweka benchi nje, ukutani, mahali pa jua la asubuhi. Kogo alikaa kama mtu aliyekalia miiba. Mara akainuka kufukuza kuku. Akakalishwa. Mara akaona moshi jikoni, akainuka. Akakalishwa. Mara akataka kujua kwa nini ndoo yangu imewekwa pale. Sista alitazama saa yake, akashusha pumzi, akaanza kuhesabu upya.

Phyllis aliketi karibu naye. Hakuwa mtu wa kusimulia mambo yake, na yale aliyosema nilikuwa sijayasikia hata mimi ninayejua mambo ya kila mtu.

"Mama yangu alikuwa kama wewe," akasema. "Huko kwetu, upande wa Bomet. Sikuwahi kumwona amekaa. Hata kula alikuwa anakula akitembea. Siku moja nikapita kwa chai yetu nikamwona amekaa katikati ya majani, ameegemea kikapu, leso kwa kichwa. Nikafurahi. Nikasema, leo mama amepumzika. Nikatembea polepole nisimwamshe. Nikaenda nyumbani nikampikia chai, nikafunika na sahani isipoe."

Akaitazama mikono yake.

"Chai ilipoa," akasema.

Kogo alimtazama Phyllis, kisha akasogea mpaka bega lake likagusa la mwenzake, akaegemeza mgongo ukutani, akaweka miguu chini, mikono mapajani. Kuku aliingia jikoni. Kogo alimwona akiingia, akamwacha. Mimi nilisimama pale na ndoo yangu nikilia wazi wazi, na Sista Quinter akawa anaangalia saa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Presha ilikuwa juu. Si kama ile ya siku ya jogoo, lakini juu. Sista alirudi siku aliyopanga Phyllis, akapima, ikawa juu. Akarudi tena, vile vile. Akampa vidonge, akampunguzia chumvi, na akamweleza kwamba ni vya kila siku, hata siku ambayo haumwi.

"Kwa hivyo sasa nimekuwa mgonjwa," Kogo akamwambia Phyllis, kwa lawama.

"Ulikuwa nayo hata siku ile ulitufukuza na mwiko," Phyllis akasema. "Tofauti ni kwamba sasa tunaijua."

Kogo alifikiri, akasema kongoi, yaani asante, neno ambalo mimi nimelipata kwake mara chache tangu niolewe. Kisha akaamuru chai iwekwe motoni.

Nicholas aliletewa habari hizi pia. Alikuja, akamkuta mamake kwenye chai anachuna, akarudi Kericho bila kuuliza mpaka wa kitu chochote.

Miaka imeenda. Ile leso inakaa kichwani kwa urembo tu. Phyllis bado anapita na mwavuli, ule mweusi umeshonwa mara nyingi, na bado anasubiri karibu ya pili. Siku ya sista ikifika, kilima kizima kinakaa. Ukipita unaona akina mama kwenye mabenchi, viti na magogo, mgongo ukutani, mdomo umefungwa, na mtu asiyejua anaweza kudhani kijiji kimefanya mgomo. Kogo ndiye mkali kuliko wote. Hata mchungaji akija dakika zile, hasimami kumsalimia. Ananyoosha kidole kimoja, maana yake subiri. Na siku hizi anakaa hata kama si siku ya sista. Jioni akitoka kwenye chai anaketi kwenye benchi lile, anaegemea ukuta, anafumba macho, na Phyllis akiwepo wanakaa wote wawili bila kusema kitu.

Mimi ningepaswa kufurahi na kumwacha. Nilimwombea miaka mingi apumzike. Lakini tangu siku ile ya habari ya chai iliyopoa, nikimwona amekaa vile ametulia, siwezi kupita kimya. Ninasimama na ndoo yangu na kumwita, "Mama!" Anakasirika, anasema nimemharibia usingizi, anauliza kwetu walinifundisha adabu gani. Ninamwacha agombe mpaka amalize. Halafu ninapita.